Itakuya Yenyewe

Watu wa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, walimwita Prof, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa neno hilo halinitoki vizuri mdomoni. Alizaliwa wapi, mababu zake ni akina nani, sikuwahi kumuuliza na sina hamu ya kujua. Ninachokijua nilikiokota kwenye barza, kibaraza cha nyumba yake, usiku baada ya usiku kwa miaka miwili, nimekaa kwenye benchi lenye msumari uliochomoza upande wa kushoto. Kila mwanafunzi mpya alikalishwa upande huo. Prof aliuona ule msumari kama sisi tulivyouona, na nyundo alikuwa nayo.

Kilichonipeleka pale kilikuwa kitu kimoja, diploma ya serikali. Mtihani ule wa mwisho wa sekondari ukiupita, unaweza kupanda gari la Lubumbashi na kuingia chuo kikuu. Ukikosa, unabaki Likasi na kufanya kile wazazi wako wanachofanya. Mama yangu aliuza makala, yaani mkaa, sokoni. Alikuwa ameniambia mapema, bila ukali wowote, akiwa anapanga mafungu yake chini: "Mutoto yangu, ukikosa, nafasi yako iko hapa pembeni yangu. Haiko mbaya. Lakini ile weusi ya mikono haitokake na sabuni." Kisha akanionyesha viganja vyake. Siku ile ile jioni akanishika mkono na kunipeleka kwa Prof.

Nyumba yake ilikuwa karibu na kibanda cha umeme cha zamani, na kwa sababu ambazo mafundi peke yao ndio wanazijua, taa ya barza yake iliwaka hata avenue nzima ikiwa gizani. Tulikuwa kumi wakati mwingine, wakati mwingine watano. Tulianza saa mbili za usiku, tukamaliza saa sita, au alipochoka kutuona. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la bluu la usine, la wafanyakazi wa kiwandani, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata mwezi wa kumi, wakati jua la Katanga linapasua vichwa. Hakukaa chini hata mara moja. Alifuta ubao kwa mkono wa koti, kwa hiyo kufikia saa nne mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Alisahihisha kwa penseli tu, akisema wino mwekundu unapiga kelele. Ukipiga mwayo alikunyooshea kidole: "Enda ulale. Uko unatuibia usingizi yetu."

Mimi nilipiga mwayo sana, na kila mara nilirudishwa nyumbani, na kila mara Mama alinirudisha kwake.

Nianze na mdomo wake, maana huo ndio ulioniumiza kwanza. Wiki ya pili nilisimama mbele ya ubao nikaeleza theorema nzima kwa moyo, neno kwa neno, bila kukosea hata koma. Nilikuwa nimekesha siku mbili kwa ajili yake. Prof alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake isiyo na sukari, akasema mbele ya wote: "Weye ni muntu ya kubeba. Haiko muntu ya kuelewa." Wenzangu walicheka. Kulikuwa na wavulana wawili wa mtaa wa Panda ambao tangu siku ile waliniita Mubebaji, hata barabarani, hata mbele ya Mama. Prof aliwasikia na hakuwakataza.

Sasa, sisi wanafunzi wa Kongo tuna neno tuliloachiwa na Wabelgiji, kubloke. Maana yake ni kufunga mlango, kuweka miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usikukamate, na kusoma mpaka jogoo awike. Dada anabloke, kaka anabloke, nyumba nzima inatembea kwa vidole. Ni neno la heshima. Kwa Prof lilikuwa tusi. Alilichukua kama fundi wa bomba: "Bomba ikibloke, mayi inapita? Basi weye unabloke kichwa juu ya nini? Mayi haibloke. Mayi inazunguka jiwe, inakwenda." Aliyasema haya kila usiku, na mvulana mmoja alihesabu siku moja akapata mara kumi na moja kabla ya saa tatu na nusu.

Hayo ya maji na mawe aliyaita Tao. Hapa lazima nieleze, maana Likasi hakuna mtu mwingine niliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Zamani kidogo Prof alifanya kazi upande wa Kambove, kwenye kampuni moja ya Wachina, akitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili kati ya wasimamizi na vibarua. Kichina hakukijua. Lakini jikoni alikuwako mpishi mzee, Mchina, aliyejua maneno machache ya Kifaransa, na wawili hao walikaa pamoja jioni wakivuta tumbaku. Siku moja mpishi alichora alama kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, akasema, "Tao." Prof aliinakili kwenye karatasi. Baadaye alikwenda cyber, akauliza Tao ni nini, akachapishiwa kurasa nane, na kurasa hizo nane ndizo zilizokuwa elimu yake yote juu ya jambo hilo. Zilisema kuna njia ambayo kila kitu kinaifuata, kwamba mtu hapaswi kulazimisha, kwamba aliye laini anamshinda aliye mgumu. Prof alizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo.

Ile alama aliichora kwa makala kwenye ukuta wa barza, kubwa, juu ya ubao. Tulisoma chini yake miezi mingi. Ndipo akapita Mchina kijana aliyekuwa akiuza paneli za jua nyumba kwa nyumba. Alisimama kwenye njia, akaangalia ukuta, akaanza kucheka mpaka akaweka mzigo chini. "Hii muchele," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Muchele ku shamba. Ule ingine, ya njia, sauti moja, lakini kuandika haiko vile." Kumbe mpishi wa watu alikuwa akizungumzia mpunga. Pengine alikuwa akieleza tu atakachopika kesho.

Tulimgeukia Prof tuone aibu yake. Nakiri nilikuwa na njaa ya kuiona. Aliangalia alama yake kwa muda, akakuna kofia, akasema: "Ni moja. Muchele nayo iko na njia yake." Akaendelea na somo la vekta. Hakuifuta ile alama. Usiku ule nilimchukia kwa sababu mpya, kwamba hata ukweli ukija mpaka mlangoni na kumcheka usoni, yeye alikuwa na mahali pa kuukalisha.

Kisha kuna muziki. Prof alikuwa na kaseti arobaini hivi za roki ya zamani, ya wazungu wenye nywele ndefu, alizozipata kwa familia ya mhandisi mmoja iliyokuwa ikifunga mizigo kurudi Ulaya. Likasi yote inacheza rumba, na yeye saa tano za usiku anafungulia gitaa linalolia kama bati linalokatwa. Aliimba pia. Kiingereza hakukijua hata chembe, na siku nilipoanza kukielewa kidogo nikagundua kwamba maneno aliyokuwa akiyaimba hayako katika lugha yoyote. Hilo halikumzuia kututafsiria. "Huyu anasema, mimi ninakwenda, siulize njia, njia inaniuliza minye." Niliutafuta wimbo huo kwenye simu. Ulikuwa juu ya gari jipya la mwimbaji.

Na bado somo zuri kuliko yote niliyowahi kupata maishani lilitoka humo. Alifunga waya kutoka kwenye mlango mpaka kwenye kiti, akaukaza, akaupiga kwa kidole, akatuonyesha mahali waya ulipotulia na mahali ulipotikisika. Kisha akafungulia kaseti, mahali ambapo mpiga gitaa anashika sauti moja ndefu na kuipandisha. "Musikie. Sasa kamba inagawanyika mara mbili. Sasa mara tatu." Tulisikia. Naapa tulisikia. Mawimbi, masafa, vyote viliniingia mara moja na havijatoka. Mpaka leo siwezi kusoma usiku bila zile gitaa masikioni. Nimezihamishia zote kwenye simu yangu, na kila ninapozifungulia najikasirikia kwamba kitu ninachokipenda hivi nilikipata kwa mtu yule.

Maana hakuwa hata mwaminifu kwa hizo kurasa zake nane. Alisema mtu asishikilie kitu, na zile kaseti alizifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo shingoni. Alisema aliye laini anashinda, na aliwafukuza watoto wa jirani kwa mkanda. Mama alipomletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku ambayo sisi nyumbani tulikula bukari, ugali mtupu, na chumvi, alionja, akasema, "Mama, chumvi inabloke," akala yote. Mama alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Mimi sikucheka.

Jambo moja sipendi kulikumbuka, lakini nikiliacha nitakuwa mwongo. Malaria ilinilaza wiki mbili mwaka ule wa mwisho. Usiku wa tatu nikasikia hodi. Prof alikuwa ametembea kutoka kwake na ubao mdogo kichwani, kwenye mvua, akakaa chini kwenye mkeka wetu, mtu ambaye hakai, akanifundisha limiti kwa sauti ya chini, akingoja kila ninapotapika. Alikuja siku tisa. Hakuna aliyemwomba. Mama alitaka kumpa makala gunia moja, akakataa, akasema nyumba yake haina baridi.

Basi, tufike pabaya. Kwenye programu ya mwaka wa sita kuna sura ya integrali. Ile alama yake ndefu iliyopinda juu na chini, Prof aliiita nyoka. Kila tulipoikaribia alifunga kitabu. "Ile nyoka, muachane nayo kwanza. Munataka kuikamata na mukia. Muelewe bizuri hii ingine, ile itakuya yenyewe." Miezi ikapita. Tukarudia limiti, tukarudia derivée, tukarudia mawimbi mpaka tukayaota. Nyoka hatukuigusa. Nilimuuliza mwezi wa tano. Nikamuuliza tena mwezi wa sita, baridi imeshaingia, tunavaa makoti juu ya makoti.

"Prof, integrali?"

"Itakuya yenyewe."

Usiku wa kuamkia mtihani nilikwenda kwake na beseni langu kichwani, maana nilikuwa nimeamua kubloke hiyo sura peke yangu, kwenye taa yake, miguu majini, hata kama atanitukana. Alinikuta nikiweka beseni chini. Hakunitukana. Aliinua lile beseni, akamwaga maji kwenye mti wa pilipili, akanirudishia likiwa tupu. "Enda ulale," akasema. "Kitu yenye haikuingia mwaka muzima, haitaingia usiku moja. Uko tayari." Sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba nilimwamini. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikimchukia miaka miwili, nilimwamini siku ile moja. Nikaenda nikalala usingizi mzito.

Integrali ilikuja yenyewe, kweli. Ilikuja kwenye karatasi, swali juu ya swali, na mimi nikaikodolea macho. Nilikosa. Wavulana wawili wa Panda walipita, maana wao walikuwa na kaka yao aliyewafundisha nyumbani kwa siri.

Mwaka uliofuata nilikaa sokoni pembeni ya Mama. Nilipasua makala asubuhi, nikayapanga mafungu, mikono ikawa kama alivyoniambia. Usiku nilibloke. Mshumaa, beseni, mlango umefungwa, gitaa masikioni. Niliichukua ile nyoka kwa mkia, kwa kichwa, kwa tumbo, nikaibeba kwa moyo, na katikati ya kuibeba, usiku mmoja, nikaielewa. Kwa hiyo hata juu ya hilo alikuwa amekosea: anayebeba anaweza kuelewa. Sikwenda kumwambia. Kwenye barza yake sikukanyaga tena, na nikimwona sokoni niliinama chini ya meza kana kwamba natafuta kitu.

Kwa kuwa shule ilikuwa imenishinda kulipa mwaka mwingine, niliandikishwa kama autodidakte, yaani mtu anayejifundisha mwenyewe na kuja kufanya mtihani tu. Tuliwekwa chumba chetu. Niliingia mapema nikatafuta namba yangu. Wengi walikuwa vijana kama mimi, mama wawili watatu wenye watoto, askari mmoja. Na kwenye benchi la upande wa pili wa njia, kofia ya sufu kichwani, penseli mbili zimechongwa na kupangwa sawasawa, alikuwa Prof.

Nilidhani ni msimamizi aliyekaa kupumzika. Kisha msimamizi wa kweli akapita akikagua namba, akasimama mbele yake.

"Papa. Tena?"

"Tena," akasema Prof.

Alinigeukia akaniona. Hakuinama chini ya meza kama nilivyofanya mimi. Alinisalimia kwa kichwa, kama tulivyosalimiana kwenye barza, akageukia mbele.

Ile saa ya kwanza sikumbuki niliandika nini. Kichwa kilikuwa kikinipigia hesabu nyingine. Prof hana diploma. Prof hajawahi kuwa na diploma. Kila alichokifunga kwenye kitabu, kila alichosema kitakuja chenyewe, hakukijua. Hakuwa amekiacha kwa hekima ya Kichina. Alikuwa amefika mwisho wa anayoyajua, akaweka pale mto na jiwe na maji, nasi tukakaa ukingoni tukimsubiri. Mwaka wangu mmoja, mikono ya Mama na yangu, vyote vilizama pale.

Ndipo nikasikia sauti yake, ya chini kabisa, bila kugeuka. "Mutoto. Ya kumi na mbili. Ile nyoka."

Ya kumi na mbili nilikuwa nimeimaliza. Jibu lake lilikuwa kwenye karatasi yangu, upande wake, na angeliona kwa kuinua macho tu. Kulikuwa na nyingine nne kama hiyo. Niliuvuta mkono wangu wa kushoto, nikauweka juu ya karatasi, nikaandika nimeifunika mpaka mwisho. Hakuniita mara ya pili.

Jioni nilimkuta Mama akifunga magunia, nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikingoja apige mikono kichwani. Aliendelea kufunga kamba.

"Minye nilijua," akasema. "Kikula yote inajua. Kila mwaka iko pa ile foleni yenu."

"Ulijua, na ukanipeleka kwake?"

"Kwetu tulikuwa na courant ya umeme?" akaniuliza. "Mutoto yangu, minye nilikutafutia taa. Masomo nilifikiri utajitafutia mwenyewe."

Sikuzungumza na Mama siku mbili.

Matokeo yalifika kwenye simu, asubuhi, kwa ujumbe mfupi. Nilipita. Kwetu aliyepita humwagiwa poda kichwani, ile ya watoto wachanga, akatembea nayo mtaani mchana kutwa ili kila mtu ajue. Mama ndiye aliyeanza, na mikono yake ikaacha alama nyeusi kwenye weupe. Wakaja wauzaji wenzake wa makala, wakaja majirani, nikawa siwezi kufungua macho vizuri. Walikuwa wakiimba. Wimbo ulipopungua, nikamwona Prof kwenye mlango wa uwanja, na kopo la poda jipya mkononi, halijafunguliwa.

"Nimesikia," akasema.

"Na weye, Ba Prof?" Mama akauliza. Mimi nisingemuuliza.

"Minye nimekosa."

Watu wakajifanya wana kazi. Alinisogelea. Nilisimama wima nikingoja kitu kimoja tu kutoka kwake, kwamba aniombe msamaha, na nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu.

"Ile siku ulifunika karatasi," akaniambia. "Ulifanya muzuri. Bangetufukuza bote mbili." Akabandua karatasi ya kopo kwa kucha, polepole. "Ile nyoka, unaiyua sasa?"

"Naiyua."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Aliangalia kopo, akaangalia watu, akashusha sauti. "Utanifundisha? Mbele ya kwenda Lubumbashi. Siku tatu, ine. Minye nitakuya hapa kwenu."

Nilikuwa na wiki tatu bila kazi yoyote. Integrali kwa mtu anayejua derivée kama yeye ingechukua siku mbili. Yote hayo niliyajua, na bado nayajua.

"Hapana," nikasema.

Mama aliniangalia. Prof aliitikia kwa kichwa, mara moja. Kisha akaniinamisha shingo kwa mkono wake wa kulia, akaanza kunimwagia poda, taratibu, bila kuimba, mpaka kopo likaisha.